Nikifika Ala Moana, nitaingiaje madukani?

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 54, nauza vitenge Makoroboi hapa Mwanza. Binti yangu wa kwanza anasoma uuguzi Honolulu, kule Hawaii, na mwezi wa nane nakwenda kumwona kwa wiki tatu. Viza imeshatoka. Sasa ananiambia kwamba siku ya pili tu atanipeleka Ala Moana, mahali pa maduka ya kifahari yaliyo wazi, karibu na ufukwe, wanakonunua watalii wa dunia nzima. Amenitumia picha. Mikoba imewekwa nyuma ya vioo, mmojammoja, na taa juu yake. Shangazi, mimi nimezoea kelele za Makoroboi, mteja anavuta na mimi navuta mpaka tunafika. Mahali ambapo bei haijadiliwi sijui hata nianze na mguu upi. Naogopa kumwaibisha mtoto mbele za watu. Nina dola 400 za zawadi, na nyumbani kuna watu 14 wanaoningoja. Nivae nini, ninunue nini, na je, ni vibaya kuingia dukani halafu nikatoka mikono mitupu?

Mama wa Nyakato

JIBU

Marahaba, mayu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana mwaka 2018 nilisimama palepale utakaposimama wewe. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anafanya kazi katika jiko la hoteli moja Waikiki, mtaa wa ufukweni hapohapo Honolulu, akaniita kwa wiki mbili. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona Kirumba kwa zaidi ya miaka 30, na bahari yangu ilikuwa ni ziwa hili tu.

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo ndilo linalokunyima usingizi. Si vibaya hata kidogo. Siku ya kwanza nilibaki nje ya duka moja la mikoba karibu nusu saa, mdogo wangu yuko ndani ananiita kwa mkono, mimi nimeng'ang'ania ukingo wa bwawa la samaki kama niliyekatazwa. Hakuna aliyenikataza. Siku ya pili niliingia. Mhudumu akasema aloha, nami nikajibu aloha. Nikatazama mshono wa mkoba mmoja, nikauliza ni ngozi ya nini, nikajibiwa vizuri, nikashukuru, nikatoka. Ndivyo ilivyo. Wewe mwenyewe hapo Makoroboi, kwa siku moja ni wanawake wangapi wanaoshika kitenge chako, wanakikunjua, wanakiweka begani, halafu wanaondoka? Huwachukii. Wengine wanarudi Ijumaa wakiwa na pesa. Na yule muuza mikoba naye anaijua kazi hiyo.

Sasa nikueleze mahali penyewe, kwa sababu picha za simu zinaonyesha vioo tu, hazionyeshi upepo. Ala Moana si jumba lililofunikwa. Ni kama mitaa iliyopandishwa ghorofa juu ya ghorofa, njia zake pana, na sehemu kubwa unatembea chini ya anga. Kuna miti, maua, na mabwawa ya samaki wakubwa wa rangi wanaoitwa koi. Ndege wadogo wanaokota makombo chini ya viti. Upande mmoja milima ya kijani, upande mwingine bahari, na pepo zinazovuma kutoka kaskazini mashariki zinapita katikati ya maduka. Mvua nyepesi ikinyesha dakika tano, watu hawakimbii. Maduka yanazidi 350, na pametajwa kwa miaka mingi kuwa ndipo pakubwa kuliko pote duniani kwa maduka ya wazi namna hiyo. Usijaribu kupamaliza kwa siku moja.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya ardhi yake. Palikuwa kinamasi. Mwaka 1912 tajiri mmoja aitwaye Walter Dillingham alinunua ekari 50 kwa dola 25,000, na kampuni yake iliyokuwa ikichimba bandari ikawa inamwaga hapo mabaki ya matumbawe miaka nenda rudi, mpaka kinamasi kikawa nchi kavu. Maduka yalifunguliwa tarehe 13 Agosti 1959, siku nane tu kabla Hawaii haijawa jimbo kamili la Marekani. Kwa hiyo unapotembea pale juu, chini yako kuna tope na matumbawe. Nilipoambiwa hivyo nilikumbuka sehemu zetu za pembeni mwa ziwa, matete na majani ambayo watu wanayapita bila kuyatazama, na woga ukanipungua. Hata hao walianzia kwenye tope.

Jina lenyewe, Ala Moana, maana yake ni njia ya baharini. Na hapa nikupe jambo ambalo binti yako huenda hajalifikiria: wewe utayasoma majina ya Kihawaii vizuri kuliko Wamarekani wengi. Kila silabi ya lugha ile inaishia na irabu, kama Kiswahili. Kalākaua, Kapiʻolani, Waikiki, soma kama yalivyoandikwa, hutakosea sana. Hata njia hawaelekezani kwa kaskazini na kusini. Wanasema makai, yaani upande wa bahari, na mauka, yaani upande wa mlima. Sisi tuliokulia Mwanza tumeelekezana hivyohivyo tangu utoto: shuka ziwani, panda mlimani. Mtu akikuambia duka liko upande wa makai, elekeza uso kule bahari iliko, umefika.

Kuna neno moja la kwao ambalo litakuokolea pesa. Mkazi wa Hawaii anaitwa kamaʻāina. Kwa lugha yao "kama" maana yake ni mtoto, na "ʻāina" ni nchi. Mtoto wa nchi. Sisi tunasema mwananchi! Nilipoelewa hivyo nilimshika mdogo wangu mkono katikati ya watu. Maduka na migahawa mingi ina bei ya kamaʻāina, punguzo kwa mwenye kitambulisho cha ukazi wa Hawaii. Si kila duka, na halitangazwi kila mara, kwa hiyo lazima mtu aulize. Kama binti yako ana kitambulisho hicho, alipe yeye, aulize kwa upole kabla ya kufungua pochi. Huko ndiko kupatana bei kwao, mayu. Ukisema "nipunguzie" bila zaidi watakutazama tu, maana mhudumu wa kaunta hana mamlaka ya kupunguza hata senti. Lakini ukiuliza kuhusu bei ya wakazi, umeuliza jambo linaloeleweka.

Pesa. Bei iliyoandikwa kwenye kitu siyo utakayolipa. Kuna kodi inayoongezwa pale unapolipia, na katika kisiwa cha Oʻahu, ambako ndiko Honolulu iliko, wafanyabiashara huongeza asilimia 4.712. Mimi nilichukua gauni la mtoto la dola 19.99, nikasimama kwenye foleni na noti yangu ya 20 mkononi, nimeshapiga hesabu kwamba inabaki senti moja. Nikaambiwa 20.93. Sikuwa na nyongeza, mdogo wangu alikuwa ghorofa nyingine, na foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu. Mama mmoja wa makamo nyuma yangu alitoa dola moja akaiweka kaunta bila neno. Sijamsahau. Wewe usifike hapo. Dola zako 400 zihesabu kama 382, kisha uzigawe. Kwa watu 14 ni kama dola 27 kila mmoja, na hiyo ni zawadi ya heshima kabisa ukijua pa kununulia.

Mikoba ya kwenye vioo iache kwenye vioo. Itazame, jifunze rangi za msimu, wewe ni mtu wa vitambaa, macho yako ni mtaji. Kununua nenda Longs, duka la dawa lililo humohumo Ala Moana. Usishangae kwamba nakutuma duka la dawa. Wenyeji wananunua hapo karanga za makadamia na chokoleti za visiwani, kwa bei ya chini kuliko maduka ya watalii, na yakiwa na punguzo utaona wenyewe wamejaza vikapu. Watu wa Hawaii nao wana desturi yako: mtu akisafiri harudi mikono mitupu, analeta vijipakiti vya kula kwa ndugu na wenzake wa kazini. Wanaiita omiyage, waliipata kwa Wajapani waliokwenda kulima miwa. Ukimwambia mhudumu kwamba una watu 14 nyumbani hatacheka, atakuonyesha rafu.

Chokoleti zipange katikati ya nguo, maana kuna joto la njiani na joto la nyumbani.

Kahawa ya Kona soma pakiti vizuri. Ni kahawa ya kweli na ya gharama, inatoka eneo la Kona, kwenye kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Hawaii, lakini zipo pakiti zilizoandikwa Kona kwa herufi kubwa na chini yake, kwa herufi ndogo, asilimia 10. Maana yake ni kwamba tisa katika kumi ni kahawa ya kwingine. Kwa mzee anayekunywa kahawa ya Bukoba kila asubuhi, mimi nisingetumia pesa yangu hapo. Lakini ukimletea, mletee ya asilimia 100, pakiti ndogo.

Viatu vya watoto: namba za Marekani si namba zetu. Kabla ya kuondoka, kata uzi kwa urefu wa wayo wa kila mtoto, funga karatasi yenye jina lake, weka kwenye bahasha. Usitegemee kupiga simu kutoka dukani. Saa za Mwanza ziko mbele ya Honolulu kwa saa 13. Ukiwa dukani saa 6 mchana, nyumbani ni saa 7 usiku wa kuamkia kesho, nani atainuka kupima mguu?

Na hili nalisema kwa uchungu, nisikie: usinunue kitu cha umeme. Mimi nilinunua blenda kwenye punguzo, nzuri, ya chuma, nikaibeba kama yai kutoka ndege hadi ndege. Nyumbani nilichomeka mbele ya wakwe zangu. Ililia sekunde chache, ikatoa moshi, ikafa. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230. Hakuna aliyenidanganya, sikuuliza tu. Chaja za simu na kompyuta nyingi zinakubali vyote viwili, utaona zimeandikwa 100 mpaka 240, hizo ni sawa. Blenda, pasi, mashine ya kukaushia nywele, pita mbali.

Risiti usitupe. Maduka mengi ya kule yanapokea kitu kilichorudishwa ndani ya siku walizoweka, bila ugomvi, mradi kina lebo na risiti ipo. Uliza kabla ya kulipa. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko vioo na taa zote: kwamba unaweza kurudi kesho ukasema gauni halikutosha, na mtu akakurudishia pesa yako huku anakutakia siku njema.

Mavazi: vaa kitenge chako. Nasema hivyo kwa dhati. Hawaii ni mahali ambapo mwanaume anakwenda ofisini na shati la maua, na wanawake wazee wanavaa magauni mapana ya maua yanayofika chini, yanaitwa muʻumuʻu. Kitenge kilichoshonwa vizuri kinakaa pale kama kilizaliwa pale. Nilisimamishwa mara nne kuulizwa kitambaa changu kimetoka wapi. Miguuni wenyeji wanavaa kandambili, hata kwenye maduka ya gharama, na wanaziita slipa kama tunavyosema sisi, na wakifika mlangoni kwa mtu wanazivua kama tunavyovua sisi. Ila beba kanga au sweta jepesi, maana ukitoka njiani kwenye joto ukaingia dukani, viyoyozi vya ndani ni baridi kali. Na chukua kikapu chako. Mifuko ya plastiki Honolulu waliipiga marufuku kwenye malipo tangu 2015, sisi tukaipiga marufuku Juni 2019, kwa hiyo kwa hilo umeshazoea. Mfuko wa dukani utaulipia.

Siku ya kwanza msinunue kitu. Mwambie binti yako mfike asubuhi, mkae kwenye benchi, mtazame watu wanavyotembea. Katikati pana jukwaa ambapo huchezwa hula bure. Uliza ni saa ngapi, msikose. Hula si ngoma ya kuwafurahisha watalii tu. Mikono inasimulia habari. Mwaka 1830 malkia Kaʻahumanu, akiwa ameshapokea Ukristo, aliikataza hadharani, na ilikuwa ni mfalme Kalākaua, aliyetawala tangu 1874, ndiye aliyeirudisha kwa heshima. Sisi ambao bugobogobo ni ya wazee wetu tunajua ngoma kukatazwa kanisani na kurudi ni kitu gani. Nilisimama mpaka mwisho.

Mkichoka, chini kuna ukumbi wa vyakula, Makai Market. Chagueni chakula cha sahani: wali vijiko viwili vya mviringo, makaroni yaliyochanganywa na mayonezi, na nyama au kuku au samaki. Hapo hakuna kuhudumiwa mezani, kwa hiyo hulazimiki kuacha bakshishi. Mkikaa mgahawa wa kuhudumiwa, asilimia 15 mpaka 20 juu ya bili, na hiyo si hiari kwa jinsi wanavyoiona, ndiyo riziki ya mhudumu. Poke ni samaki jodari mbichi, aliyekatwa vipande na kutiwa mafuta ya ufuta na sosi ya soya. Mimi mtoto wa sato wa kukaanga sikumweza siku ya kwanza, siku ya tatu nikamwomba mwenyewe. Kama huli nguruwe, uliza kila mara, kwa sababu nyama ya kopo wanayoibandika juu ya wali na kuifunga kwa mwani ni nguruwe, na ile ya kalua, inayopikwa kwenye shimo la ardhini, ni nguruwe. Na ukiona malasada, maandazi ya Wareno, mviringo, hayana tundu, yamezungushwa kwenye sukari, nunua mawili, kula moto, utajihisi uko nyumbani saa moja asubuhi.

Mkitoka hapo vukeni barabara. Mbele ya maduka kuna ufukwe wa umma, Ala Moana Beach Park, maji yametulia kwa sababu matumbawe yanazuia mawimbi, na hakuna kiingilio. Huko ndiko mimi na mdogo wangu tulikaa mpaka jua likazama, na ndiko alikonisimulia mambo ya maisha yake ambayo kwa simu hakuwahi kuyasema. Mpe binti yako nafasi hiyo. Mtoto anayekuandikia kwamba siku ya pili tu atakupeleka mahali, amekuwa akikupeleka huko kichwani kwake muda mrefu. Haogopi utamwaibisha.

Ukipata siku nyingine, Waikiki penyewe pana Royal Hawaiian Center, maduka ya fahari tena, lakini ndani yake wanafundisha bure kutunga lei, yale mashada ya maua ya shingoni. Ukivishwa lei usiikatae, na usiivue mbele ya aliyekuvika.

Kwenda, chukua doti tatu za vitenge kwa wenyeji wa binti yako. Matunda mabichi na nyama acha nyumbani, na chakula chochote ulicho nacho kitaje kwa maofisa unapoingia Marekani, ukinyamaza ndipo faini inapokuja. Wakati wa kurudi mizigo inakaguliwa tena Honolulu: nanasi linapita, embe halipiti.

SWALI

Shangazi, mjomba ananiletea shati la Hawaii. Nitajuaje kama ni la kweli au limeshonwa kwingine likauzwa kule?

Kijana wa Igoma

JIBU

Mwanangu, mengi yameshonwa kwingine. Geuza kola utazame lebo. Kwa sheria ya jimbo lile, kitu hakiruhusiwi kuandikwa kimetengenezwa Hawaii mpaka angalau asilimia 51 ya thamani yake iwe imeongezwa hapohapo Hawaii. Baada ya lebo tazama mfuko wa kifuani. Fundi aliyeheshimu kazi yake anakata mfuko ule ili ua lililoanza kwenye shati liendelee juu ya mfuko bila kukatika, hata huoni mfuko uko wapi. Inakula kitambaa na inakula muda, ndiyo maana washonaji wa haraka hawafanyi. Vifungo vyema ni vya kifuu cha nazi au mti. Mashati haya yalianza miaka ya 1930 kwa mafundi wadogo wa Honolulu, Wajapani na Wachina wengi wao, wakishona kwa vitambaa vya kimono. Kwa hiyo hata likiwa si la kule, ukitaka moja lenye mfuko uliofuata ua, lete mita mbili na nusu za kitenge Kirumba. Tunaweza.

SWALI

Shangazi, mume wangu anasema kwenda Rock City Mall Jumapili na watoto bila kununua kitu ni kujidhalilisha. Mimi napenda tu watoto watembee mahali pasafi. Nani ana haki?

Mama wa Buzuruga

JIBU

Wewe, mwanangu. Wapeleke. Wape maji nyumbani kabla ya kutoka na waambie mapema kwamba leo ni siku ya kutazama, ili wasilie kwenye michezo. Mume wako mwombe aje mara moja, amshike mdogo mkono kwenye ngazi. Mkitoka, shukeni mpaka ziwani, mnunue mahindi ya kuchoma.